Chuma cha kiwanda kitahimili moto dakika ngapi?

Watu wengi huamini jengo la chuma halina hofu ya moto kwa kuwa chuma hakiungui. Ni kweli, hakiungui. Lakini hulegea, na kikilegea hushuka pamoja na kila kilichobebwa juu yake. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, joto ambalo moto wa kawaida haulifikii, ila hakingoji kuyeyuka ndipo kianguke. Mpaka nyuzi 400 nguvu zake bado ziko. Kwenye nyuzi 500 hubaki kama asilimia 78, kwenye 600 asilimia 47, na kwenye 700 chini ya robo. Mhimili mtupu, usiokingwa na chochote, huweza kushindwa ndani ya dakika 15 hadi 20 za moto mkali.

Ndipo linapokuja suala la kipimo cha kuhimili moto: dakika 30, 60, 90 au 120. Diploma yangu ni ya ujenzi, na hesabu ya mwisho ni kazi ya injinia aliyesajiliwa. Hata hivyo njia ya kufikia kipimo hicho si siri, na mwenye kiwanda au mfanyakazi wake ana haki ya kuijua.

Nachukua mifano ya Kitui na Makueni kwa makusudi. Makueni sisi wa Pwani twaijua kwa dirisha la basi la Nairobi, na Kitui kwa asali na pojo, ambazo wenyewe huziita ndengu. Kaunti hizi mbili zina aina tatu za viwanda ambazo moto wake haufanani hata kidogo. Kalamba, Makueni, kuna kiwanda cha maembe kilichojengwa na kaunti wakati wa Gavana Kivutha Kibwana. Syongila, Kitui, kuna kiwanda cha nguo cha KICOTEC, kilichoanza mwaka 2018 wakati wa Gavana Charity Ngilu. Kisha kuna vituo vya kusukumia mafuta vya Sultan Hamud, Makindu na Mtito Andei, kwenye njia ya bomba inayoanzia kwetu Mombasa na iliyoanza kutumika 1978.

Swali la kwanza basi ni hili: moto wa aina gani? Maabara hutumia mikondo miwili ya joto. Ule wa kawaida, ISO 834, ni wa mbao, nguo, katoni na vitu kama hivyo: baada ya dakika 5 joto ni kama nyuzi 576, na baada ya saa nzima 945. Mkondo wa mafuta ni mkali zaidi: dakika 5 tu joto liko karibu nyuzi 950, kisha hupanda mpaka 1,100. Kwa hiyo rangi iliyopewa cheti cha dakika 60 kwa mkondo wa kawaida haifai kudaiwa ni ya dakika 60 kwenye kituo cha mafuta. Hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Cheti ni halali, muhuri upo, ila jaribio si la moto wa pale. Kwa mafuta ulizia jaribio la UL 1709 au linalolingana nalo.

Swali la pili ni nguzo hiyo isimame kwa muda gani, na kwa faida ya nani. Banda la ghorofa moja lenye milango mingi, watu hutoka upesi, na kanuni za nchi nyingi hazidai paa lake likingwe. Lakini likiwa na ghorofa ya ndani ya kuwekea marobota ya pamba, au ukuta wake ukipakana na jirani, mambo hubadilika. Tena Kitui ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na ni nchi kavu. Gari la zimamoto litatoka wapi, na litapata maji wapi? Kwa maoni yangu, anayenakili kipimo cha kiwanda cha mjini na kukipeleka Mwingi hajafikiri.

Kwenye mafuta, mwongozo wa API 2218 wa Marekani huangalia mahali mafuta yanapoweza kuvuja na kutuama, kisha hukinga chuma kinachobeba mitambo na mabomba ndani ya mita kama 6 hadi 12 kutoka hapo. Na uvujaji si hadithi: mwaka 2015 mafuta yalivuja Thange, Kibwezi, yakaharibu mto na mashamba. Pale hapakuwaka, alhamdulillahi. Sinai, Nairobi, mwaka 2011, paliwaka, na watu wapatao mia moja wakafa.

Swali la tatu ni unene wa chuma chenyewe. Hugawanywa mzingo unaopigwa na moto kwa eneo la mkato wa chuma. Nguzo ya 203 kwa 203 yenye kilo 46 kwa mita hupata kama 203. Ile ya 254 kwa 254 yenye kilo 167 hupata kama 74. Namba kubwa maana yake chuma chepesi, kinachopata moto haraka kama sufuria ya bati, hivyo hutaka kinga nene zaidi. Huangaliwa pia mzigo: nguzo iliyobebeshwa karibu na ukomo wake hushindwa kwenye joto la chini. Wengi huanzia nyuzi 550, ila injinia anaweza kukokotoa yake.

Baada ya hapo ndipo hufunguliwa jedwali la mtengenezaji wa kinga, liwe la rangi inayovimba, plasta ya kupuliza au zege, na kusomwa milimita ngapi. Kipimo si cha ndoo ya rangi. Ni cha rangi hiyo, kwa unene huo, juu ya chuma hicho. Fundi akipunguza koti moja, cheti hakina maana tena.

Kanuni za Kenya za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinadai ukaguzi wa moto kila mwaka mahali pa kazi. Mkaguzi akija, asiishie kuhesabu mitungi ya kuzimia moto. Aombwe apime unene wa kinga kwa kifaa chake, atazame plasta iliyobanduka pale fundi wa umeme alipopitisha waya, na aandike namba ya kila nguzo aliyoipima.