Ukiriguru: mbegu zilifika, matuta yakakwama

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kama kilomita 30 kusini mwa Jiji la Mwanza, kilianza na pamba miaka ya 1930. Adui alikuwa mdudu mdogo wa kijani anayefyonza majani hadi yanajikunja na kuwa mekundu. Dawa ya kunyunyizia haikuwa ya mfuko wa Msukuma mwenye ekari mbili. Watafiti wakachagua mimea yenye vinyweleo vingi kwenye majani, mdudu akakosa pa kukaa. Ndipo zikaja mbegu zenye herufi za Ukiriguru: UK46, baadaye UK77 na UK91.

Kumfikia mkulima hakukuwa na mlolongo. Pamba ikichambuliwa kiwandani, nyuzi huenda zake na mbegu hubaki. Hizo ndizo zilizorudi vijijini msimu uliofuata. Hakuna aliyeitwa semina. Mtu alipanda alichopewa, na utafiti ukaota shambani kwake.

Matuta, ushauri mwingine wa kituo, yalikuwa na habari nyingine. Ni kweli kwamba tuta lililofungwa kwa vizuizi hushika mvua kwenye luseni, udongo wa kichanga wa vilimani. Lakini hulimwa kwa jembe la mkono, na chakula nacho kinasubiri palizi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, ukaleta amri na faini, pamoja na kupunguza ng'ombe. Chuki ikakua, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 amri zikaachwa. Sishangai: gharama yote ilikuwa mgongoni mwa mkulima.

Viazi vitamu, tofauti na pamba, havina kiwanda cha kurudisha mbegu. Mbegu yake ni marando, ambayo kiangazi huyakausha, na yanayosalia mara nyingi yana virusi. Mradi wa Marando Bora, kati ya 2009 na 2012, ukawatafuta wakulima wenye maji karibu, wakazalisha marando safi na kuyatoa kwa vocha: Kabode na Ejumula za rangi ya chungwa, zenye vitamini A, pamoja na Polista iliyozoeleka. Baadaye vikajaribiwa vyandarua vya kuzuia wadudu wanaoeneza virusi.

Tatizo ni kwamba Usukumani marando huombwa kwa jirani, bure. Mradi ukaondoka na vocha zake, na mzalishaji akabaki kumdai hela shemeji yake.