Malkia Elizabeth wa Kwanza na Kanisa Lake

Mwaka 2003, ilipotimia miaka 400 tangu kifo cha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, Maktaba ya Newberry iliyoko Chicago, Marekani, iliandaa maonyesho juu ya maisha na utawala wake. Twaona kwamba maktaba ni mahali pafaapo kumchunguza malkia huyu kuliko jumba la mataji na mavazi, maana Kanisa alilolisimamisha lilijengwa kwa maneno yaliyoandikwa, na mara nyingine kwa maneno yaliyoachwa.

Alipotawazwa alikuta nchi iliyokwisha kugeuzwa dini na wafalme watatu waliomtangulia. Mwaka 1559 Bunge lilimfanya Mtawala Mkuu wa Kanisa. Hakujiita Kichwa, kama alivyojiita baba yake. Mwaka huohuo alimwambia balozi wa Hispania kwamba angependa Ungamo la Augsburg, au kitu kinachofanana nalo. Sisi Walutheri tusifurahi upesi mno, kwa kuwa mabalozi huambiwa mengi.

Ushahidi mzito zaidi umo katika zile Ibara 39. Ibara ya 29 yafundisha kwamba waovu, hata wakiipokea sakramenti, hawaushiriki mwili wa Kristo. Mafundisho yetu yasema kinyume: asiyeamini naye hupokea mwili wa kweli, ila kwa hukumu yake. Ibara hiyo ilikuwamo katika rasimu ya mwaka 1563, lakini ilipochapishwa haikuonekana. Wanahistoria wengi huona hapo mkono wa malkia, asiyetaka kuwafungia mlango Walutheri wala raia wake waliobaki na moyo wa Kikatoliki. Ilirudishwa mwaka 1571, baada ya Papa Pius wa Tano kumtenga malkia mwaka 1570. Basi hoja ya Meza ya Bwana iliwekwa na kuondolewa kwa kufuata hali ya siasa, na jambo hili latusumbua hata pale lilipotuelekea sisi.

Mwenye kulipa gharama ya mpango huo alikuwa Edmund Grindal, Askofu Mkuu wa Canterbury. Wachungaji walikuwa wakikutana kuyafafanua Maandiko na kusahihishana mahubiri. Malkia aliona wahubiri watatu au wanne wanatosha kwa jimbo zima, akaamuru mikutano ikomeshwe. Desemba 1576 Grindal alimwandikia barua ndefu, kwa heshima yote, akikataa kuipeleka amri hiyo, na akamkumbusha kwamba yeye naye ni mwanadamu wa kufa. Mwaka 1577 alisimamishwa kazi na kuzuiliwa nyumbani mwake.

Maonyesho ya namna hii humkumbusha mtazamaji ushindi wa mwaka 1588 juu ya merikebu za Hispania, na ni haki. Grindal hakuuona. Alifariki mwaka 1583, akiwa amepofuka, na barua yake hakuifuta.