Sunrise: Filamu isiyo na sauti kuhusu ndoa iliyonusurika majini

Katika vijiji vya Mwingi, kama kwingineko Ukambani, ni jambo la kawaida mume kumwachia mkewe shamba na mifugo, akapanda basi kwenda Nairobi kusaka riziki. Anayebaki nyumbani huishi na hofu isiyosemwa hadharani: je, jiji litamrudisha akiwa yule yule?

Hofu hiyo ndiyo kiini cha Sunrise: A Song of Two Humans, filamu ya mapenzi ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotolewa Marekani mnamo Septemba 1927. Mwelekezi wake alikuwa Mjerumani F. W. Murnau, aliyeajiriwa na kampuni ya Fox. Mswada uliandikwa na Carl Mayer kutokana na hadithi ya Hermann Sudermann. Wahusika hawasikiki wakizungumza. Kinachosikika ni muziki na milio michache, kama vile ya kengele, iliyonaswa kwenye ukanda wa filamu.

Wahusika wakuu hawakupewa majina. Yupo Mume (George O'Brien), Mke (Janet Gaynor) na Mwanamke wa Jijini (Margaret Livingston). Kwa hivyo kisa chao chaweza kuwa cha kijiji chochote.

Katika filamu hii, jiji ndilo linalomfuata mkulima kijijini. Mwanamke wa Jijini anakuja likizo na kumteka Mume kimapenzi. Shamba linaangukia mikononi mwa wakopeshaji, na ng'ombe wanaswagwa kutoka zizini. Hatimaye mwanamke huyo anamshawishi Mume amzamishe mkewe ziwani, auze shamba, kisha wahamie jijini. Mume anaficha mashuani mzigo wa matete, ambao utamwezesha kuelea hadi ufuoni.

Wakiwa katikati ya ziwa, Mume anasimama na kumkaribia Mke, naye anakunja mikono kumsihi. Mume anashindwa kutenda unyama huo. Wanapofika nchi kavu, Mke anakimbilia garimoshi dogo liendalo jijini, Mume akimfuata nyuma.

Kinyume na matarajio ya mtazamaji, jiji lililokuwa kishawishi ndilo linalowapatanisha. Wanaingia kanisani ambamo harusi ya watu wengine inaendelea. Mume anaposikiliza viapo, analia na kuomba msamaha. Wanatoka wakiwa kama maharusi wapya, wanapigwa picha na kucheza ngoma.

Usiku, safarini kurudi nyumbani, dhoruba inapindua mashua. Mume anamfunga Mke yale matete yaliyoandaliwa kwa ajili ya kifo chake, na hayo ndiyo yanayomwokoa. Jua linapochomoza, Mwanamke wa Jijini anaondoka kijijini, na Mke amelala kitandani mwake, hai.

Katika hafla ya kwanza ya Tuzo za Oscar, Mei 16, 1929, filamu hiyo ilituzwa kwa ubora wa kisanaa na kwa upigaji picha wa Charles Rosher na Karl Struss. Gaynor naye alitawazwa mwigizaji bora wa kike kwa kazi yake katika filamu tatu, Sunrise ikiwa mojawapo.

Hata hivyo, enzi ya filamu za aina hiyo ilikuwa ikiyoyoma. The Jazz Singer, filamu iliyosikika wahusika wakizungumza na kuimba, ilitolewa Oktoba 1927, majuma machache tu baada ya Sunrise. Murnau alifariki katika ajali ya gari mwaka wa 1931, akiwa na umri wa miaka 42.

Ukimya haukutoweka mara moja katika makoloni. Kitengo cha filamu kilichoundwa na Uingereza mwaka wa 1939 kilitengeneza filamu nyingi zisizo na sauti kwa ajili ya Afrika, mkalimani akieleza kwa lugha ya wenyeji yanayotokea kwenye kiwambo.

Sunrise haikuundwa kwa ajili ya hadhira hiyo. Lakini hata ingefika huko, mkalimani asingekuwa na kazi kubwa. Maandishi yake ni machache. Sehemu kubwa ya hadithi husimuliwa kwa macho, mabega na mwendo. Mke anayetetemeka mashuani mbele ya mumewe hahitaji kutafsiriwa, iwe California au Mwingi.