Jongo na ugonjwa wa figo kwa kuku: soma kabla ya kununua dawa

Je, kuku wako anachechemea, viungo vya miguu vimevimba na kinyesi kimekuwa cheupe na cha majimaji? Huenda figo zake zimeumia. Ikiwa unafuga Mununga, Nchelenge au katika makazi ya Mantapala, maelezo haya yanaweza kukuokolea kuku na pesa.

Jongo ni nini?

Figo za kuku hutoa taka za protini zikiwa asidi ya yuriki, ile sehemu nyeupe ya kinyesi. Figo zikishindwa, asidi hiyo huganda mwilini. Kuku aliyekufa akipasuliwa, huonekana unga mweupe kama chokaa juu ya moyo, ini na figo, au ndani ya viungo.

Husababishwa na nini?

- Kukosa maji, hasa wakati wa joto.
- Vifaranga kulishwa chakula cha kuku wa mayai, ambacho kina chokaa nyingi mno kwao.
- Chumvi au protini kupita kiasi, kwa mfano kuwalisha chisense nyingi yenye chumvi.
- Chakula chenye ukungu au upungufu wa vitamini A.
- Baadhi ya virusi vinavyoshambulia figo.
- Dawa kama jentamisini au salfa zinapozidi kipimo.

Je, kuna dawa ya kuponya?

Hakuna dawa inayorudisha figo iliyokwisha kuharibika. Antibayotiki haiui virusi, na nyingine huongeza madhara. Usimpe kuku vidonge vyako vya maumivu. Dikilofenaki iliwaua tumbusi wengi sana Asia Kusini kwa jongo hilihili, baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo. India ilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006.

Ufanye nini?

1. Weka maji safi kivulini, yasikauke mchana kutwa.
2. Acha kuwapa chumvi, chisense nyingi na dawa ambazo hukuelekezwa na mtaalamu.
3. Wape vifaranga chakula cha vifaranga, pamoja na mboga za majani.
4. Wakiugua wengi kwa pamoja, watenge na umjulishe afisa mifugo haraka. Huenda ni mdondo. Mwonyeshe pakiti za chakula na dawa ulizotumia.
5. Ukipewa dawa, uliza kipimo, idadi ya siku, na lini mayai na nyama vitakuwa salama kuliwa.

Usile wala kuuza kuku aliyekufa kwa ugonjwa.