Kisu cha munganga chenye kukunjwa: kazi yake na umri wake



Tulipokuwa mu masomo, wengi wetu tulishika wazo moja: historia ni karatasi. Kama hakuna karatasi, hakuna historia. Mimi sikubali, na leo nitachukua kitu kidogo chenye kinaingia mu mufuko wa koti: kisu cha upasuaji chenye kukunjwa, vile waganga wa Ulaya na Amerika walikuwa wanatumia miaka mia mbili iliyopita. Hakina barua, hakina tarehe. Lakini kinasema mambo mengi.

Wauzaji wa vitu vya kale wanapenda kusema: "Hiki kilikata miguu ya askari." Bei inapanda palepale. Lakini kisu cha kukata muguu kwa kawaida kilikuwa kirefu, na mupini wake haukunjwi, juu munganga alihitaji nguvu na haraka: mbele ya 1846, mwaka ambao ether ilionyeshwa mbele ya watu kule Boston, mugonjwa alikuwa macho. Kile cha kukunjwa kilikuwa cha kazi ndogo. Munganga alienda kumuona mugonjwa nyumbani kwake, na mufuko wa ngozi wenye makasi, sonda, sindano na visu. Kisu chenye kukunjwa hakimuchome mwenyewe njiani. Ile njo sababu yote ya kukunja.

Kujua kazi yake, acha mupini, tazama bapa. Bapa fupi, pana kidogo, yenye makali pande zote mbili, mu katikati ya vipande viwili vyembamba: ile ni lanseti, ya kutoboa mushipa wa damu, kisha, kuanzia Jenner na 1796, ya kuchanja ndui pia. Kutoa damu ilikuwa dawa ya karibu kila kitu. George Washington walimutoa damu nyingi siku ile alikufa, Desemba 1799. Jarida The Lancet, lenye wanafunzi wetu wa udaktari wanalijua, lilipata jina kwa kile kisu mu mwaka wa 1823. Sasa, ukiona kitu cha shaba ya njano chenye ndani mwake muko bapa mbili ao tatu, na kila moja ina kijino chenye kutoka upande, ile ni flami. Ilikuwa hasa ya farasi na ng'ombe: unaiweka juu ya mushipa, unaigonga na kijiti kizito. Watu wanaiuza kila siku kama kisu cha munganga wa watu!

Bapa nyembamba na ndefu, hiyo njo bisturi, neno lenye hata sisi tunalisikia mu hospitali mpaka leo. Kama ncha yake ni kali, ilipasua majipu. Kama ncha ina kifundo, ilikusudiwa kuingia ndani bila kutoboa chenye kiko nyuma. Ile yenye Astley Cooper wa London aliacha kwa ajili ya ngiri ina makali sehemu fupi tu, zingine zote butu. Mutu mwenye kufikiri aliitengeneza.

Umri ni kazi ya mupini na ya maandishi. Gamba la kobe wa baharini, pembe ya ng'ombe, pembe ya tembo: hivi ni vya zamani, ila vilitumika muda mrefu, kwa hiyo peke yao havitoshi. Mupira mugumu mweusi haukuwepo mbele ya miaka ya 1850. Jina la mutengenezaji linasaidia zaidi. Charrière wa Paris (ndiyo, yule wa namba za sonda: Charrière 18 ni milimita 6) alifuatwa na Collin mu duka lake, basi jina la Collin linakusogeza upande wa mwisho wa karne. Na kama kisu kimeandikwa jina la inchi, kama Germany ao England, fikiria sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, yenye iliomba kila bidhaa ya kigeni ionyeshe inchi yake. Tafazali usikisugue ili kingare: maandishi yanaenda, na ushahidi unaenda nayo.

Lakini alama kubwa kwangu ni pale kisu kinakunjikia. Damu inaingia mule na inakauka. Mu 1847, kule Vienna, profesa Kolletschka alidungwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa. Rafiki yake Semmelweis alianza kuelewa kupitia kifo kile. Mbele ya kutumia asidi karboliki, Lister, kule Glasgow, alihesabu watu 35 waliokatwa kiungo: 16 walikufa. Kisha, kati ya 40, walikufa 6. Mu 1879 Chamberland akatengeneza otoklavu. Gamba na pembe haviwezi kuvumilia mvuke ya vile: vinapasuka, vinajikunja. Basi kisu cha chuma kitupu, kilichopakwa nikeli, chenye kufunguka vipande ili kisafishwe, kiweke kuanzia miaka ya 1880 hivi. Mu 1915 Morgan Parker akapata hati ya bapa yenye kubadilishwa, na kile cha kukunjwa kikakosa kazi.

Kuna jambo moja bado linanishangaza. Pembe za tembo wetu zilianza kujaa mu soko la Antwerp mwisho wa miaka ya 1880, wakati uleule waganga walikuwa wanaitupa mipini ya pembe. Pembe zetu zilienda kwa piano, kwa mipira ya biliardi na kwa visu vya meza.