Mto Ulishao na Uharibuo

Mwezi wa Januari 2020 mvua kubwa zilinyesha katika mkoa wa Lindi. Mto Matandu, uingiao baharini karibu na Kilwa Kivinje, ulifurika. Nyumba zikabomoka, na maelfu ya watu katika mkoa ule wakakosa makao. Tena Mei 2024 ilikuja tufani iitwayo Hidaya, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika katika wilaya ya Kilwa. Mambo kama hayo yatukiapo, sisi tukaao mahali pa juu huuliza: Mbona watu hawa hawahami? Swali hili si geni. Jirani zetu wa kaskazini, watu wa Rufiji, waliulizwa zamani, hata wakahamishwa. Basi na tuzitazame habari zao kabla ya kuhukumu.

Mto Rufiji huanza pale yakutanapo maji ya Kilombero na Luwegu, kisha hupokea Ruaha Mkuu. Maji hayo hutoka nchi za mbali, Iringa, Njombe na Ruvuma. Kwa hiyo mtu wa bonde la chini aweza kuuona mto unajaa, na juu ya kichwa chake hakuna wingu. Maji yakienea mashambani huharibu. Lakini yakiondoka huacha tope lenye rutuba ambalo mkulima hakulinunua.

Wazee wa Rufiji waliujua ukali wa mto na ukarimu wake pia. Mvua za kwanza zikinyesha walipanda mpunga, wakishindana na mto. Mafuriko yakija polepole, mpunga uliinuka pamoja na maji. Yakija mapema, miche michanga ilizama. Hata hivyo mkulima hakukata tamaa. Maji yalipopungua alipanda mahindi, kunde na maboga katika udongo ule uliolowa, nacho kilimo hicho huitwa mlau. Hivyo maji yale yale yaliyomnyang'anya mpunga yalimtengenezea shamba la pili. Naye alijenga dungu, yaani kibanda juu ya nguzo ndefu, apate kulinda mazao na kuyakimbia maji. Na mtumbwi haukuwa mbali.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa mno. Baadaye Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni wakakae katika vijiji vya ujamaa, kwenye nchi ya juu. Nia ilikuwa njema, maana kijijini watu waliweza kupata shule, zahanati na maji safi. Lakini mashamba hayakuhama. Yalibaki bondeni, mwendo mrefu kutoka nyumbani, nao nguruwe na nyani hawakungoja mwenye shamba afike. Basi majira ya kilimo yalipowadia, wengi walirudi na kujenga madungu yao tena. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Siku hizi liko bwawa kubwa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Hata hivyo Aprili 2024 maji yalifunika nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti. Tena bwawa lizuialo maji huzuia na tope pia. Yeye ahesabuye nyumba zilizoanguka tu, amesoma nusu ya hesabu.

Hatusemi kwamba watu wakae chini wafe. Katika mafuriko yale ya 2020 watu walikufa, na aliyekufa halimi. Twasema nyumba na shamba ni mambo mawili. Nyumba ya watoto na ijengwe juu, dungu la mkulima liwe bondeni kwa majira yake, njia ya kupandia iwe wazi, na wakaao juu ya mto wawapelekee habari wa chini kabla maji hayajafika. Tena atakaye kumwambia mtu wa Matandu ahame, kwanza amwulize atakula shamba gani huko aendako.