Mimba haikutarajiwa, mtoto atalelewa na nani? Hizi ndizo njia kwa mama wa Mtwara

Jamaa kakana mimba, nyumbani wamekasirika, hela ya kulea haipo. Kuanzia Mikindani na Msimbati hadi Kilambo na Kitaya kandokando ya mto Ruvuma, habari hii si ngeni. Wapo wanaodhani wana mambo mawili tu ya kuchagua: kuhangaika peke yao au kumtelekeza mtoto. Sio kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatoa njia kadhaa.

1. Kulea mwenyewe, baba akitoa matunzo

Mwanaume akikana, habari haijaisha. Mama anaweza kuomba mahakama iamuru baba atoe matunzo, na ombi hilo linaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Baba akiendelea kubisha, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA.

Kwa mwanafunzi, shule haijafungwa. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu aliyekatisha masomo kwa ujauzito kurudi darasani baada ya kujifungua. Aliyempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 jela, na kesi huanzia Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

2. Kumwachia bibi au mjomba

Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo bibi au mjomba kulea mtoto ni jambo la kawaida. Mama anabaki kuwa mzazi na anaweza kumchukua mwanae hali ikitengemaa.

Shida huja pale kila kitu kinapokuwa cha mdomo tu. Wakigombana, au mtoto akitakiwa kuvushwa mto kwenda kwa ndugu Msumbiji, hakuna karatasi ya kuonyesha nani ana dhamana naye. Ni vizuri kwanza mtoto apate cheti cha kuzaliwa, kisha makubaliano yaandikwe mbele ya ofisa ustawi wa jamii.

3. Malezi ya kambo

Hapa mtoto analelewa na familia iliyochunguzwa na kuidhinishwa na ustawi wa jamii. Ni malezi ya muda. Haki za mzazi hazifutwi, na ofisa hufuatilia maendeleo ya mtoto. Inamfaa mama ambaye leo hawezi kulea lakini hajakata tamaa ya kuja kuishi na mwanae.

4. Kuasili

Hii ni ya moja kwa moja. Mahakama Kuu ikishatoa amri, mama na baba waliomzaa wanapoteza haki na wajibu wa uzazi. Mtoto anakuwa kama amezaliwa na familia mpya, pamoja na haki ya kurithi.

Ndiyo maana sheria inataka ridhaa ya wazazi, na mahakama lazima ijiridhishe kwamba anayeridhia ameelewa kuwa hakuna kurudi nyuma. Ridhaa inaweza kuwekwa kando katika mazingira maalumu, mfano mtoto ametelekezwa au mzazi hapatikani.

Anayeasili kwa kawaida awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Raia wa kigeni lazima awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo. Kabla ya amri, ustawi wa jamii huichunguza familia, na mtoto huishi nayo kwanza kwa miezi kadhaa. Kwa watu wa Mtwara shauri si lazima liende Dar es Salaam, maana Mahakama Kuu ina kanda yake Mtwara mjini.

Na kwa Waislamu?

Swali hili huulizwa sana pwani. Uislamu unahimiza kumlea mtoto asiye na mlezi, ila nasaba yake haibadilishwi. Ubini unabaki wa baba yake, na fungu la mirathi halimfikii kwa kulelewa tu. Familia nyingi za Kiislamu kwa hiyo huona malezi ya kambo yako karibu zaidi na dini kuliko kuasili. Mlezi anaweza kumwachia mtoto mali kwa wasia, usiozidi theluthi moja.

Haya ni makosa

- Kumuuza mtoto au kupokea hela ili umtoe. Hiyo ni biashara haramu ya binadamu, hata kama mnunuzi anaahidi maisha mazuri.
- Kukabidhiana mtoto wodini kimyakimya. Huko sio kuasili, na aliyempokea hana haki yoyote kisheria.
- Kumtupa mtoto au kuficha uzazi. Ni jinai.

Pa kuanzia

Ofisa ustawi wa jamii yupo halmashauri: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Wilaya ya Mtwara na Mji wa Nanyamba. Anayejifungulia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, anaweza kumwomba muuguzi amkutanishe naye hapohapo. Aliye mbali apige 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.

Mama halazimiki kuamua akiwa leba, wala kwa shinikizo la wazazi au la mtu anayetaka mtoto haraka. Ana haki ya kuuliza, kupewa majibu na kufikiri kwanza. Karatasi asiyoielewa, asiisaini.